Ligeuze Behewa Kwanza

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja hapa Dodoma, mbele ya vijana wanaopenda treni za mfano, katika darasa tuliloazimwa. Kijana mmoja alinirekodi kwa simu. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nikaondoa kukohoa kwangu tu.

Marahaba, wanangu, marahaba. Na ninyi wenyeji wa Ugogo, mbukwenyi! Kaeni. Mlioko nyuma sogezeni madawati, maana vitu vyenyewe ni vidogo, na anayevishika ni mzee mwenye mkono unaotetemeka.

Mmenipa kazi ya kulinganisha ubora wa mabehewa ya abiria, haya madogo ya kuchezea na kuonyeshea. Mezani yapo manne. Matatu ni ya kiwandani, la nne nimelifunika kwa leso, msiniulize bado. Majina ya viwanda nimeyaziba kwa karatasi ili mtumie macho, si nembo. Tutayaita kwa rangi zake: la kijani, jekundu, la bluu.

Mlipokuwa mnaingia niliwatazama. Kila aliyefika mezani aliinama, akachungulia madirishani, akasoma maandishi ya ubavuni, akasema hili kali, hili la kizamani. Hakuna hata mmoja aliyeligeuza behewa. Mimi nimekula mkate wangu kwa ufundi wa mabehewa, ya kweli, na ofisi yetu ilikuwa shimoni chini ya reli. Abiria huingia kwa mlangoni, fundi huingia kwa chini. Kwa hiyo leo tunaanza chini. Muda ukibaki tutafika madirishani.

Ila kabla sijaligeuza lolote, tuelewane kuhusu kipimo, tusije tukalinganisha kichuguu na mlima. Kipimo kilichoenea zaidi kinaitwa HO. Kila kitu kimepunguzwa mara 87. Reli ya SGR, iliyoanza kutuletea abiria hapa Dodoma tarehe 25 Julai 2024, ina milimita 1,435 kati ya reli na reli. Gawanya kwa 87, unapata 16.5. Ndiyo njia hii mnayoiona mezani, milimita 16.5. Sasa Waingereza nao wanatumia njia hiihii, lakini treni yenyewe wameipunguza mara 76 tu. Kipimo chao kinaitwa OO, ndicho cha kiwanda cha Hornby. Zidisheni 16.5 kwa 76. Nani ana kikokotoo? Naam, 1,254. Reli yao halisi ni 1,435 kama SGR yetu, kwa hiyo behewa la OO ni sawa na mtu mnene aliyevaa viatu vya mdogo wake. Chanzo ni kwamba vichwa vya treni vya Uingereza ni vyembamba, na zamani mota ndogo za kuingia humo hazikuwepo, wakaamua kuupanua mwili na kuiacha njia ilivyo. Wanajua, na wengi wamelizoea. Wachache wanaokereka hutandika njia ya milimita 18.83, kila taruma kwa mkono wao. Basi usifunge behewa la OO na la HO kwenye treni moja halafu uje kuniambia moja ni bora. Kila moja lina hesabu yake.

Haya, tugeuze.

Hili jekundu alinunua mpwa wangu, baharia, mnadani kule Hamburg. Tazameni magurudumu: plastiki. Ekseli nayo plastiki, na ncha zake ni butu, zimeingia kwenye tundu la mviringo. La bluu ni la juzi juzi, nilidunduliza. Magurudumu ya chuma, na ncha ya ekseli imechongwa kali kama ncha ya pia, imekaa kwenye kishimo chenye umbo la koni. Pia huzunguka muda mrefu kwa sababu inapogusa ardhi ni padogo. Ekseli hii ni hivyohivyo: panaposuguana ni karibu kabisa na katikati ya mzunguko, msuguano unakosa mkono wa kuushika.

La kijani tuliachiwa na padre mmoja aliporudi Ujerumani. Mwili wake bati. Nilipoliweka njiani mara ya kwanza, transfoma ilinguruma, ikanyamaza, ikanuka. Kosa lilikuwa langu. Lilitengenezwa kwa mfumo wa kiwanda cha Märklin, ambao umeme unaingia kwa katikati ya njia na reli zote mbili ni waya mmoja. Kwa hiyo ekseli ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia haina ubaya wowote kwao. Kwenye njia yetu reli moja ni chanya na nyingine ni hasi. Nilikuwa nimeunganisha chanya na hasi kwa ekseli nne kwa mpigo. Ungeligeuza kwanza, mzee, ungeona. (Kicheko.)

Sasa njooni kwenye ubao. Huu una urefu wa mita moja, na nimeupigilia kipande cha njia. Weka behewa juu, nyanyua upande mmoja taratibu kwa kuchomeka karatasi moja moja, mpaka behewa liondoke lenyewe. Pima umenyanyua kiasi gani. Kila milimita 10 ni mteremko wa asilimia moja. Nimejaribu kila behewa mara tatu nyumbani. La bluu huondoka kwenye milimita 8. La kijani, baada ya kulibadilishia magurudumu, 15. Jekundu 34. Yaani jekundu kila siku linapanda mlima hata kwenye meza iliyonyooka. Ukifunga manne ya namna hiyo, kichwa cha treni kinazungusha magurudumu palepale kama lori lililonasa kwenye tope.

Mnaona nimeweka kitabu mwisho wa ubao, behewa lisidondoke? Mabehewa haya hayana breki. Wepesi wa kuviringika tunaousifu mezani, kwenye reli ya kweli ni kitu cha kuogopa mpaka breki zishike. Tarehe 24 Juni 2002, huku kwetu Igandu, treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani ikagonga treni ya mizigo, wakafa watu 281. Wengine humu mna ndugu zenu. Basi.

Tuendelee. Jekundu lina dawa. Kwanza, toa magurudumu ya plastiki utie ya chuma. Ya plastiki, mbali na uzito wa kuviringika, yanapaka reli utando mweusi ambao utaufuta mpaka uchoke. Pili, msitie mafuta. Najua mafundi wa baiskeli mtanibishia. Hapa Dodoma kuanzia mwezi wa saba upepo unapiga, vumbi linaingia hadi kwenye sukari. Ukitia mafuta kwenye kitundu cha ekseli umetengeneza udongo wa kufinyangia. Chukua penseli laini, ichonge, unga wake upake kwa njiti ya kiberiti. Unga huo unateleza na vumbi halinati.

Tatu, uzito. Chama cha Wamarekani wanaopenda reli ndogo, NMRA, kilichoanzishwa 1935, kina kanuni kwa kipimo cha HO: aunsi moja ya kuanzia, kisha nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Hili la bluu lina milimita 303, sema inchi 12, kwa hiyo linadai aunsi 7, karibu gramu 198. Kwenye mizani ya dukani kwa jirani yangu lilipima 190, sina ugomvi nalo. Jekundu lina milimita 264, linadai kama gramu 176. Lilipima 97. Behewa jepesi namna hiyo likiwa katikati ya treni ndefu, kwenye kona linavutwa na wenzake mbele na nyuma, linalala kwa ndani. Nililipa nati na washa za pikipiki, nikazigandisha sakafuni kwa gundi, juu ya bogi, yaani zile fremu zinazobeba magurudumu. Sakafuni, narudia. Uzito ukikaa karibu na paa, behewa litayumba kama basi lililopakia magunia kwenye keria. Na msitumie risasi kama mna wadogo zenu nyumbani, ni sumu.

Baada ya hayo yote, jekundu lilitoka milimita 34 likafika 11. Gharama? Magurudumu manane, nati za bure, na jioni moja bila luku. (Kicheko.)

Nani amenyoosha mkono? Wewe binti, sema.

Alisema hivi, nanukuu kutoka kwenye simu: "Shikamoo, Babu. Kama magurudumu yanabadilishwa jioni moja, kwa nini ndiyo tuanze nayo? Mimi ningeangalia kwanza kitu ambacho siwezi kukibadilisha."

Marahaba, mjukuu wangu. Umenikamata. Kaeni kimya kidogo nifikiri.

Ni kweli. Sisi wa karakana tulizoea kupokea behewa tulilopewa; kazi yetu ilikuwa kulifanya litembee. Hakuna aliyetuuliza tulichague. Ninyi mnachagua na mnatoa pesa zenu. Kwa mnunuzi, swali la binti huyu ni zito kuliko langu. Mimi bado nitaligeuza kwanza, ili nijue litanidai kazi kiasi gani. Lakini kilichonifanya nisiliite jekundu behewa zuri, hata sasa linapoviringika vizuri, hakiko chini. Ni urefu wake.

Behewa la kawaida la treni za mbali za Ulaya lina mita 26.4. Gawanya kwa 87, unapata milimita 303. La bluu ni 303, halijapunjwa. Jekundu ni 264: upana na kimo wamepunguza mara 87, urefu wamepunguza mara 100. La kijani ni 240, limekatwa zaidi. Wengine walisimama katikati, kwenye 282. Msidhani ni wizi wa mabati. Kona ya kawaida ya meza za nyumbani ina nusu kipenyo cha milimita 360. Zidisha kwa 87, ni mita 31 na kidogo. Hakuna treni ya abiria ya mwendo kasi duniani inayokata kona ya mita 31; hiyo ni kona ya daladala. Behewa refu kwenye kona hiyo tumbo linaingia ndani, pembe zinatoka nje, linakumba nguzo za taa na abiria wako wa plastiki. Kwa hiyo viwanda vilimfupishia mnunuzi behewa ili litoshe sebuleni kwake. Ni uamuzi wa fundi mwenye huruma. Lakini likisimama kando ya la bluu, jekundu ni kama suruali iliyorudi ndani baada ya kufuliwa. Na hilo hakuna bisibisi ya kulirekebisha.

La pili lisilorekebishika ni ukuta. Lishikeni, pitisheni. Ukuta wa jekundu una unene wa milimita 1.5. Ukiukuza mara 87 unapata sentimita 13. Ukuta wa behewa wa sentimita 13! Hilo si behewa, ni nyumba ya tembe. Ndiyo maana madirisha yake yamezama, unaona vivuli pembeni kama unachungulia nyumba ya bibi kule Bahi. Kwenye la bluu kioo kimemwagwa kwa umbo la dirisha, kimekaa sawasawa na ngozi ya nje, unene hauuoni. Binti, macho yako na ya wenzako yalikuwa yanawaambia hili tangu mlipoingia, mlikosa neno tu. Nami niliwadharau mapema.

Maandishi nayo. La bluu yamepigwa kwa muhuri laini wa mpira, ukiweka kioo cha kukuzia unasoma hadi uzito wa behewa. Jekundu yana maandishi makubwa matatu na basi.

Mbona basi sisemi la bluu ndilo bora tumalize? Kwa sababu ya hivi. Mnaviona vishikio vya mlangoni? Ni nyuzi za shaba zilizochomekwa moja moja. Kwenye jekundu ni uvimbe tu ulioumbwa pamoja na ukuta. Vya bluu vinapendeza mno. Vilikuwa vinane. Leo ni vitano, na kimoja kimepotea hapa hapa tangu saa nne, aliyekikanyaga asijisikie vibaya. Behewa la kijani limeshikwa na watoto wangu na wajukuu zangu. Lilianguka sakafuni mara ambazo sizihesabu, likakunjwa pembe, nikalinyoosha kwa koleo. Kama mngeniuliza behewa gani liwe la meza hii, ya Jumamosi, ya watu thelathini wenye mikono ya jasho, nisingewapa la bluu. Hata bure.

Viunganishi nitavipitia mbio. La bluu lina kisanduku kidogo cha kawaida, kipimo chake kinaitwa NEM 362, unachomoa kiunganishi unachomeka kingine bila gundi. Nyuma yake kuna kimkono kinachojinyoosha kwenye kona na kujirudisha kwenye njia iliyonyooka, kwa hiyo mabehewa yanakaribiana kabisa bila kugongana pembe. Jekundu lina ndoano kubwa, na kati ya behewa na behewa panabaki milimita 20. Kwa ukubwa wa kweli ni mita 1.74. Mama mwenye mtoto mgongoni anavukaje hapo kwenda behewa la chakula?

Na taa. Kila mtu anataka taa. Nzuri, hasa umeme wa Tanesco ukiwa umekatika na una betri. Ila taa hula umeme kupitia visahani vya shaba vinavyosugua magurudumu. Nilipolitia la bluu taa za LED, kile kipimo cha ubao kilitoka milimita 8 kikaenda 19. Nusu ya sifa yake nikaiuza kwa mwanga. Mkitia taa, tieni na kapasita ndogo ili zisipepese kila gurudumu linapopita kwenye vumbi, na msitie kwenye kila behewa.

Jambo moja la mwendo. SGR yetu hukimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Ukipunguza mara 87, behewa la HO linatakiwa kupita nusu mita kwa sekunde, si zaidi. Wengi wenu mnayarusha kama mawe ya manati kisha mnalalamika yanatoka njiani. Pimeni kwa saa ya simu.

Haya. Leso.

(Nilifunua. Walikaa kimya, kisha mmoja akasema, "Daraja la tatu!")

Daraja la tatu, ndiyo. La reli ya kati, ile ya zamani, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam 1905 ikafika Kigoma 1914. SGR nikipata siku moja nitaiweka kwenye njia hii ya 16.5 bila hesabu yoyote. Lakini reli ya kati ni ya mita moja. Milimita 1,000 gawanya kwa 87 ni 11.5. Njia inayouzwa ya kukaribia hapo ni ya milimita 12, ambayo ukiikuza ni 1,044. Ninajidanganya kwa sentimita nne na nusu hivi, sawa na vidole viwili, na nalala usingizi. Uswisi wana reli nyingi za mita moja, na kiwanda cha Bemo cha Ujerumani hutengeneza treni zao ndogo za njia hiyo ya 12, ndiyo maana vipuri vinapatikana. Behewa la daraja la tatu la kutoka Dodoma kwenda Tabora halipo dukani popote nilipotafuta. Nikalijenga.

Paa ni bomba la PVC la maji nililolipasua kwa msumeno. Kuta ni plastiki nyembamba ya kifuniko cha ndoo, milimita 0.5, kwa hiyo tembe hapa hakuna. Vioo ni ile karatasi ngumu inayokuja na shati jipya. Sakafu ni bati la kopo la mafuta ya kula. Rangi niliikosea mara mbili.

Tazameni madirisha. Hakuna mawili yaliyo sawa. Hili limepandishwa nusu, hili lote, hili limefungwa, hili limekwama upande mmoja. Mliopanda treni ile mnajua: ikisimama Kintinku au Saranda, madirisha yanakuwa duka. Mkono unatoka na pesa, mwingine unaingia na chakula, na dirisha likishakwama halishuki tena mpaka Kigoma. Viwanda vinatengeneza madirisha sawasawa kwa sababu kalibu ni moja. Hapa nilikata kimoja kimoja, usiku kumi na nne.

Binti, njoo. Wewe ndiye uliyenipinga, wewe ndiye utalipima. Liweke kwenye ubao.

Aliliweka. Akachomeka karatasi. Milimita 15, halikutikisika. 20, kimya. Likaondoka kwenye 27, tena likikwaruza. Darasa lilicheka, nami nilicheka nao, ila si kwa nguvu kama wao. Nikaanza kueleza kwamba magurudumu ni ya mtumba, kwamba bogi moja niliiunga upya. Binti hakunisikiliza. Alilichukua behewa, akalipindua miguu juu, akaliinua kuelekea dirishani kwenye mwanga.

"Babu," akasema, "gurudumu la nyuma linagusa skrubu."

Nilivaa miwani. Kweli lilikuwa linagusa. Tuliichomoa skrubu, tukaikata ncha kwa koleo, tukairudisha. Likaondoka kwenye milimita 16.